Tabia Ina Dawa: Kujitunza kwa Wanaotunza Wengine

Hotuba kwa mkutano wa wauguzi, walimu na walezi wa watoto wenye mahitaji maalumu, Dar es Salaam. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa meza kuu, wauguzi, walimu, kina mama na kina baba walezi. Wazee wetu, shikamooni. Wengine wote, habari za asubuhi.

Asanteni kwa kuja. Kwa mtu mwenye mtoto wa kulea, Jumamosi si siku ya mapumziko. Wapo humu waliotoka Chanika, wapo waliotoka Bunju, wamepanda daladala mbili tangu jua halijatoka. Kwa hiyo nitajitahidi kusema mambo ambayo mtu anaweza kuondoka nayo na kuyafanya.

Nimeombwa nizungumze juu ya kujitunza. Nitatumia elimu ya uchambuzi wa tabia, ambayo wengi wenu mnayo tayari, kwa sababu mnaitumia kazini kila siku. Mwalimu anayemfundisha mtoto mwenye usonji kunawa mikono hamwambii "uwe msafi". Anaigawa kazi: fungua bomba, lowesha mikono, paka sabuni, sugua, suuza, funga bomba, futa. Anafundisha hatua moja, anasifu papo hapo, anaandika kwenye daftari, ndipo anaongeza hatua nyingine. Mtoto akikwama, mwalimu hasemi kwamba mtoto ni mvivu. Anajiuliza: hatua ilikuwa kubwa mno? Sifa ilichelewa? Kulikuwa na kelele darasani?

Sasa niwaulize. Mwalimu huyo huyo akirudi nyumbani, na hii ni wiki ya tatu anashindwa kulala mapema kama alivyokusudia, anajiambia nini? Anajiambia, "Mimi ni mvivu. Sina nia." Na akitafuta ushahidi, wahenga wamemwachia: tabia haina dawa.

Kwa mtoto tunatumia elimu. Kwa nafsi zetu tunatumia lawama. Hilo ndilo nililosimama hapa kulipinga. Kwa heshima zote kwa wahenga, tabia ina dawa, na dawa yenyewe imekwisha kuchunguzwa kwa zaidi ya miaka 100.

Mwaka 1898, huko Marekani, mwanasaikolojia Edward Thorndike aliandika juu ya paka aliowafungia ndani ya masanduku ya mbao. Nje ya sanduku kuna chakula. Ndani kuna kamba au kitu cha kukanyaga, ambacho paka akikigusa mlango unafunguka. Mara ya kwanza paka anakwaruza kila mahali mpaka abahatike. Mara ya pili na ya tatu bado anahangaika. Lakini kadiri anavyorudishwa ndani, muda wa kutoka unapungua, mpaka mwisho akiingizwa tu anakwenda moja kwa moja kwenye kamba. Hakuna aliyemhamasisha paka yule. Hakuna aliyempa semina. Kitendo kilichofuatwa na kitu kizuri kilirudi, na vitendo vilivyofuatwa na patupu vilikufa. Baadaye mwanasaikolojia mwingine, B. F. Skinner, alilipima jambo hilo kwa hesabu, na mwaka 1968 watafiti Donald Baer, Montrose Wolf na Todd Risley waliandika misingi ya kulitumia katika maisha halisi ya watu, kwenye tabia ambazo kwa watu hao zina maana.

Kiini chake ni maswali mawili, nami nitayarudia mpaka mchoke kunisikia. Nini kilitangulia? Nini kilifuata? Mkiacha kuuliza "kwa nini sina nia" mkaanza kuuliza "nini kilitangulia na nini kilifuata", nusu ya kazi imekwisha.

Tuanze na kuitaja tabia yenyewe.

Ndugu zangu, "kujitunza" si tabia. "Kupunguza mawazo" si tabia. "Kuwa na afya bora" si tabia. Haya ni majina ya matumaini. Ogden Lindsley, aliyekuwa mwanafunzi wa Skinner, alitoa kipimo ambacho kinaweza kuwashtua kidogo, lakini hamtakisahau: jambo ambalo maiti anaweza kulifanya, hilo si tabia. Je, maiti anaweza "kutokunywa soda"? Anaweza, tena bila kukosea hata siku moja. "Kutogombeza watoto"? Anaweza. "Kutochelewa kulala"? Anaweza. Basi malengo ya namna hiyo yaandikeni upya, yawe kitendo cha mtu aliye hai.

Badala ya "nisinywe soda", andika: "Nikifika ofisini kwa chakula cha mchana, nitajaza chupa ya nusu lita na kuinywa yote kabla ya kula." Badala ya "nifanye mazoezi", andika: "Jumatatu hadi Ijumaa, nikitoka kazini, nitashuka kituo kimoja kabla ya changu na kumalizia kwa miguu." Taja kitendo, mahali, wakati na kiasi. Kipimo chake ni hiki: watu wawili wanaokutazama wakubaliane bila ubishi kama umefanya au hujafanya. Wakibishana, sentensi yako bado ni matumaini.

Na iwe moja. Watu hutoka kwenye mikutano kama huu na maazimio sita: maji, matunda, usingizi, mazoezi, sala, akiba. Wiki ya pili hakuna hata moja linalopumua. Chagua moja. Mengine yatasubiri, hayatakukimbia.

Ukishaitaja, usiibadilishe. Ihesabu kwanza.

Najua hapa ndipo watu wanapokosa subira. Mtu ameshaamua, damu imechemka, anataka kuanza leo. Lakini nani kati yenu, wauguzi, anampa mgonjwa dawa ya presha kabla hajampima? Siku saba za kuhesabu bila kubadilisha kitu. Hesabuni kwa njia nyepesi: alama ya kalamu kwenye kalenda ya ukutani, au punje za mahindi zinazohama kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Kisha kila mara tabia inapotokea, au inapopaswa kutokea isitokee, andika mistari mitatu mifupi: kilichotangulia, ulichofanya, kilichofuata. Andika saa ile ile. Ukiandika usiku kwa kukumbuka utaandika hadithi, na kwenye hadithi hiyo utajipendelea au utajionea.

Angalizo moja: kujihesabu kwenyewe hubadilisha tabia kidogo. Siku mbili tatu za kwanza utajiona umekuwa mtu mwema ghafla. Usishangilie. Subiri mpaka namba zitulie.

Kwa nini nasisitiza daftari hili? Hebu tumchukue muuguzi mmoja. Ni mfano wa kutunga, lakini wengi humu mtamtambua. Anatoka zamu saa 2 usiku. Foleni, daladala, anafika Mbagala saa 4 kasoro. Anaoga, anakula, anakagua daftari za watoto, anapanga sare za kesho. Saa 5 nyumba imetulia. Anajilaza na simu. Saa 7 usiku bado anatelezesha kidole juu ya kioo, video baada ya video, na saa 11 alfajiri inabidi aamke. Ameapa mara nyingi kuacha. Safari hii amekata shauri: chaja imehamishiwa sebuleni. Usiku wa kwanza analala. Usiku wa pili analala. Usiku wa tatu yuko sebuleni, amekaa kwenye mkeka karibu na soketi, simu mkononi.

Tumwite mvivu? Tumwite mtumwa wa simu? Nini kilitangulia? Nini kilifuata?

Daftari lake linajibu. Kilichotangulia: siku nzima ya kuitwa. "Sista, dripu imeisha." "Sista, njoo kitanda namba nne." "Mama, kalamu yangu iko wapi?" Kilichofuata alipowasha simu: kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, hakuna anayemwita. Hicho ndicho anachokipata, na simu ni mahali tu anapokipatia. Ukimnyang'anya simu hujamnyang'anya burudani, umemnyang'anya saa pekee aliyo yake. Ataitafuta saa hiyo kwa njia yoyote, hata kama ni kukaa macho akitazama dari.

Katika uchambuzi wa tabia tunasema tabia huendelea kwa sababu inamletea mtu kimoja kati ya vitu vinne: anapata watu wamjali, anapata kitu anachokitaka, anakwepa kitu kinachomlemea, au mwili wenyewe unapata raha au nafuu. Walimu, mnafanya uchunguzi huu kwa mtoto anayejigonga kichwa. Fanyeni na kwenu.

Kwa muuguzi wetu, jibu ni kukwepa kulemewa. Basi dawa yake ni kumpa nafuu hiyo mapema na kwa njia ya bei nafuu zaidi. Akifika nyumbani, kabla ya daftari na sare, dakika 20 zisizo na mtu. Mlango umefungwa, mume au dada wa nyumbani anajua kwamba dakika hizo haitwi isipokuwa kwa dharura. Anaweza hata kuzitumia na simu hiyo hiyo, kengele ikiwa imetegwa. Ndipo muda wa kulala unarudishwa nyuma, dakika 15 kila baada ya siku nne au tano: kutoka saa 7 kamili usiku hadi saa 7 kasoro robo, kisha saa 6 na nusu. Hachukui saa mbili kwa mkupuo.

Lakini tazameni. Jirani yake, mwalimu, naye anakesha na simu mpaka saa 7. Daftari lake linaonyesha kilichotangulia ni mlio wa ujumbe kutoka kikundi cha WhatsApp cha wanakwaya, na kilichofuata ni watu kumjibu, kumcheka, kumpa pole. Huyu anapata kujaliwa. Dakika 20 za upweke hazitamsaidia chochote; zitamuumiza. Yeye anahitaji shoga wa kuongea naye ana kwa ana mapema jioni, au simu ya dakika kumi baada ya chakula. Simu moja, saa moja, uchovu mmoja, dawa mbili tofauti. Ndiyo maana ushauri unaosambazwa mitandaoni kwa watu wote, kwamba zima simu saa 3 usiku, hushindwa kwa wengi. Ushauri huo haukuuliza kilichofuata.

Sasa tuje kwenye hicho kinachofuata, maana hapo ndipo kujitunza kunapopata shida ya kipekee.

Kidonge cha presha asubuhi kinakupa nini leo? Hakuna. Hukuwa na maumivu kabla ya kukimeza, na huna nafuu unayoihisi baada ya kukimeza. Faida yake ni kiharusi ambacho hakitakuja miaka kumi ijayo, na mtu haoni kitu kisichokuja. Chipsi mayai pale kibandani zinakupa nini? Chumvi, mafuta, shibe, ndani ya dakika mbili. Haya ni mashindano yasiyo ya haki. Tabia inalishwa na kinachofuata mara moja, na kujitunza kunalipa kwa kuchelewa. Mtu anayeshindwa katika mashindano hayo hana kasoro ya roho.

Dawa ni kuweka malipo madogo karibu na kitendo, kwa makusudi. David Premack alionyesha mwaka 1959, akiwachunguza watoto, kwamba kitu ambacho mtu angekifanya sana kwa hiari yake kinaweza kutumika kuimarisha kitu anachokifanya kwa nadra. Mama zetu waliijua kanuni hii kabla ya Premack: maliza ugali ndipo uende kucheza.

Tumchukue baba mlezi anayetaka kutembea jioni, na anayependa uchambuzi wa mechi za Simba na Yanga kuliko chakula. Anaweka kanuni moja: kipindi hicho anakisikiliza kwa spika za masikioni akiwa anatembea tu. Akikaa, anazima. Akirudi nyumbani kabla hakijaisha, anazunguka tena. Baada ya muda miguu yenyewe inaanza kutafuta viatu kipindi kinapokaribia.

Mpango huu una njia tatu za kuharibika, na nimeziona zikiharibu mipango mingi. Ya kwanza, malipo kuchelewa: "Nikimaliza mwezi nitajinunulia kitenge." Mwezi ni mbali mno, malipo yawe ndani ya dakika. Ya pili, malipo kupatikana bure. Baba yule akisikiliza kipindi hicho hicho kwenye kiti cha plastiki barazani, kutembea kumekosa thamani. Ya tatu, malipo yanayokula faida: unatembea dakika 15 halafu unajipongeza kwa soda baridi. Msicheke, wengi tunafanya.

Kuna wakati malipo hayahitajiki sana, kwa sababu mazingira yamefanya kazi yote. Uingereza, mwaka 2002, Sarah Milne na wenzake waligawa wanafunzi wa chuo makundi matatu. Kundi moja halikupewa kitu cha maana. Kundi la pili lilisoma maelezo ya kuhamasisha juu ya hatari ya ugonjwa wa moyo na faida ya mazoezi. Kundi la tatu lilisoma maelezo hayo hayo, halafu kila mmoja akaandika siku, saa na mahali atakapofanyia mazoezi wiki ile. Waliofanya mazoezi walau mara moja: kundi la kwanza asilimia 38, kundi la pili asilimia 35, kundi la tatu asilimia 91.

Rudini kwenye namba hizo. Uhamasishaji peke yake ulileta asilimia 35. Haukuongeza chochote. Sentensi moja yenye mahali na wakati ndiyo iliyoinua watu. Wenye semina za hamasa, nawaomba mlifikirie hili kabla ya kukodi ukumbi mwingine.

Ila kwa jiji letu naongeza jambo. Saa ya Dar es Salaam haiaminiki. Ukiandika "saa 12 jioni nitatembea", mvua moja pale Jangwani inakukuta Magomeni saa 2. Lakini mfuatano wa mambo unaaminika: utashuka kwenye gari, utavua viatu, utasikia adhana ya Magharibi, utaangalia taarifa ya habari, utafunga geti. Fungeni tabia mpya kwenye tukio, msiifunge kwenye saa. "Nikisikia adhana", "nikishamaliza kufunga geti", "nikishuka kwenye mwendokasi". Tukio liwe la kila siku, liwe na mwisho unaoonekana, na litokee mahali hapo hapo unapotakiwa kutenda. "Baada ya chakula" ni dhaifu, kwa sababu haina mpaka. "Nikiweka sahani kwenye beseni" ina mpaka.

Halafu punguzeni usumbufu wa kitendo mnachokitaka na ongezeni usumbufu wa msichokitaka. Pakiti ya dawa ifungwe kwa mpira kwenye chupa ya chai, ili huwezi kumimina bila kuigusa. Wenye watoto wadogo, iwe chupa inayokaa juu, wasipofika. Raba ziwe mlangoni, soksi zikiwa ndani yake. Maji yajazwe usiku. Biskuti zikae kwenye kopo, kopo kwenye kabati la juu, na ngazi iwe nje.

Sasa ukubwa wa hatua. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mtu anasikia hivyo, anagawa kwa tano, anapata dakika 30, kesho yake anaanza na dakika 30. Siku ya nne magoti yanauma, siku ya tano ana zamu, siku ya sita imekwisha. Kosa liko wapi? Alianzia mwisho wa safari.

Anzeni na namba mliyoihesabu zile siku saba. Kama wastani wako ni dakika 4 kwa siku, lengo la kwanza ni dakika 5. Ndiyo, 5. Kanuni ninayoipendekeza ni hii: ukifikia lengo siku 4 kati ya 5, panda kidogo, dakika moja au mbili. Ukishindwa siku 3 kati ya 5, shuka hatua moja, kaa hapo wiki nzima, kisha panda tena. Kushuka kumo ndani ya mpango tangu mwanzo. Mwalimu anayemrudisha mtoto hatua moja nyuma kwenye kunawa mikono hajashindwa kufundisha.

Mtaniuliza, mpaka lini? Wengi mmesikia siku 21. Philippa Lally na wenzake wa chuo kikuu kimoja cha London waliwafuatilia watu 96, utafiti uliochapishwa mwaka 2010, kila mmoja akijenga tabia moja ya kula, kunywa au mazoezi. Kwa mtu wa katikati ilichukua siku 66 mpaka tabia ikawa inajifanya yenyewe, na tofauti kati ya watu ilikuwa kubwa: kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Tabia nyepesi kama glasi ya maji ilikomaa mapema, mazoezi yalichelewa. Kwa hiyo ukifika siku ya 22 bado unajikokota, hujaharibika. Uko pale wanapokuwa watu.

Na waligundua jambo jingine ambalo naomba mlibebe: kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia. Kinachoua ni yale mtu anayojiambia baada ya siku hiyo moja. "Basi, nimeshaharibu." Nini kilitangulia? Nini kilifuata? Andika, endelea kesho.

Tuseme pia juu ya kuachia malipo. Miaka ya 1930 Skinner alikuwa akitengeneza kwa mikono yake vidonge vya chakula kwa ajili ya panya wake. Jumamosi moja mchana akapiga hesabu akaona vidonge vitamwishia Jumatatu asubuhi. Akaamua asimpe panya kidonge kila anapobonyeza kitufe, ampe mara moja tu kwa dakika. Akaona panya anaendelea kubonyeza kwa kasi tulivu. Baadaye ikaonekana kwamba tabia iliyozoea kulipwa mara moja moja hudumu zaidi, malipo yakikatika, kuliko iliyozoea kulipwa kila mara. Kwetu maana yake ni kwamba mwanzoni mlipe kila mara, bila kuruka. Tabia ikishatulia, lipeni mara mbili kati ya tatu, kisha moja kati ya tatu. Msikate ghafla. Anayekata ghafla wiki ya tatu kwa sababu "sasa nimezoea" huanguka wiki ya nne.

Upande wa pili, ukiinyima chakula tabia ya zamani, jua kwamba huenda ikapanda kabla ya kushuka. Mtoto aliyezoea kupewa pipi kwa kulia, siku ukiacha kumpa anaweza kulia zaidi kwanza, tena kwa sauti mpya. Nasi watu wazima ni vile vile. Ukiondoa soda ya saa 10, siku za mwanzo hamu inaweza kuja kwa nguvu kuliko awali. Ukilegea hapo hapo, umeifundisha hamu kwamba ikipiga kelele sana inalipwa. Jueni siku hizo zinaweza kuja, na wekeni kitu mkononi kabla hazijafika: ndizi, karanga, maji baridi.

Na masika? Na msiba? Na zamu za usiku, na Ramadhani, na Januari ya ada? Trevor Stokes na Donald Baer waliandika mwaka 1977 kwamba kosa la kawaida ni kufundisha halafu kutumaini, yaani kufundisha tabia mahali pamoja na kuomba ienee yenyewe. Haienei yenyewe. Kila tabia iwe na toleo dogo lililoandikwa mapema. Mvua ikinyesha: dakika 5 za kupanda na kushuka ngazi ya mlango. Msibani: nitabeba chupa yangu ya maji na dawa yangu kwenye pochi. Zamu ya usiku: chumba kinatiwa giza kwa kitenge kizito, na tukio langu la kuanzia ni kuvua sare, lisiwe adhana. Fanyeni mazoezi ya toleo dogo mara moja kwa wiki hata kama jua linawaka, ili siku ya mvua lisiwe geni.

Nimebakiza jambo moja, nalo nalielekeza meza kuu.

Nimesema tabia hutegemea mazingira. Siwezi kusema hivyo kwa nusu ya hotuba halafu nikanyamaza penye mazingira ambayo muuguzi hawezi kuyabadilisha kwa raba mlangoni. Mtu anayepangiwa zamu ya usiku na ya asubuhi mfululizo hana tatizo la tabia ya usingizi. Mwalimu mwenye watoto wengi kuliko viti, asiye na dakika 10 za kula, hatasaidiwa na chupa ya maji. Mama anayemlea peke yake mtoto asiyelala, miaka nenda rudi, anahitaji mtu wa kumpokea, walau nusu siku kwa wiki. Waheshimiwa, kabla hamjaandaa mafunzo mengine ya kujitunza, kaeni na ratiba za zamu mkajiulize yale yale: tumetanguliza nini, na kinachowafuata watu wetu wanapopumzika ni nini? Anayechukua mapumziko yake ya chakula anasifiwa au anatazamwa vibaya? Hapo mnaweza kuanza Jumatatu, bila bajeti.

Na kwenu nyote: ikiwa kwa wiki mbili mfululizo moyo umeinama karibu kila siku, hamu ya mambo yote imekatika, au mawazo ya kutaka kufa yanakuja, weka daftari chini. Hilo si la kupangiwa hatua ndogo. Nenda kituo cha afya, umwambie mhudumu kwa maneno hayo hayo, na ukiweza nenda na mtu. Mawazo ya kufa yakija, usisubiri hizo wiki mbili, nenda siku hiyo hiyo.

Karatasi za kuhesabia ziko mezani karibu na mlango. Zina safu tatu, mistari saba, na juu yake pengo la kuandika tabia moja. Ijazeni hiyo ya juu kabla hamjatoka, mpe jirani yako aisome, na kama hawezi kusema kwa uhakika ataionaje ikitokea, iandike tena. Kuhesabu kunaanza kesho. Msibadilishe chochote mpaka siku ya saba.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.